Nani Apande Chombo? Historia ya Mamlaka ya Kupekua Meli katika Bahari ya Hindi

Katika bandari zetu zote, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na kutoka Wete hadi Malindi ya Unguja, kuna tendo moja linalofanyika kila siku ambalo wengi wetu hatulitilii maanani. Chombo kinatia nanga au kinafunga gatini. Afisa anapanda. Nahodha anatoa hati zake, shehena inafunuliwa, mabaharia wanahesabiwa. Afisa anashuka, na chombo kinaendelea na shughuli zake. Tendo hilo huonekana kuwa kazi ya kawaida ya ofisi. Lakini ndani yake mna suala kubwa la siasa: afisa yule ameyapata wapi mamlaka ya kukanyaga sitaha ya mtu mwingine na kufungua mizigo yake?

Lazima ieleweke kwamba suala hili si la wanasheria peke yao. Anayeweza kusimamisha chombo baharini anaweza kusimamisha biashara ya nchi, silaha za wapiganaji, mafuta ya adui na chakula cha wananchi. Kwa sababu hiyo, tangu mabeberu walipoingia katika Bahari ya Hindi, haki ya kupekua vyombo ilikuwa moja ya silaha zao za kwanza, kabla ya bendera yao kupandishwa nchi kavu.

Katika makala haya tunakusudia kuifuata historia ya mamlaka hayo tangu mwaka 1817 hadi sasa. Kila hatua tutaipima kwa maswali matatu. Kwanza, nani amempa afisa mamlaka hayo? Pili, anatafuta nini, na kwa faida ya nani? Tatu, akikosea, nani analipa? Msimamo wetu ni kwamba mamlaka ya kupekua yasiyoweza kujibu maswali yote matatu hugeuka kuwa uonevu, hata kama kinachotafutwa ni uovu wa kweli.

Hukumu ya mwaka 1817

Mwaka 1816 manowari ya Uingereza iliikamata meli ya Kifaransa iliyoitwa Le Louis katika pwani ya Afrika Magharibi kwa tuhuma ya biashara ya watumwa. Watu waliuawa katika mapambano hayo. Mwaka uliofuata kesi hiyo ilifika London mbele ya William Scott, jaji wa mahakama ya mambo ya bahari. Jaji huyo hakuitetea biashara ya watumwa. Hata hivyo aliamua kwamba wakati wa amani hakuna taifa lenye haki ya kusimamisha na kupekua meli ya taifa jingine katika bahari kuu, ila kwa mkataba. Maharamia tu ndio waliokuwa nje ya kinga hiyo. Meli ikaachiwa.

Hukumu hiyo ina pande mbili, na mwanafunzi wa historia hapana budi azione zote mbili. Kwa upande mmoja iliwakinga wauza watu. Kwa upande wa pili iliweka kanuni kwamba mataifa yote, makubwa na madogo, ni sawa baharini, na kwamba wema wa nia hautoshi kumpa mwenye nguvu ruhusa ya kumwingilia mwenzake. Mgongano kati ya haki ya binadamu aliyefungwa ndani ya chombo na haki ya bendera iliyo juu ya mlingoti haukumalizika siku ile. Upo mpaka leo.

Uingereza ilitafuta ufumbuzi kwa mikataba. Lakini tazama namna mikataba hiyo ilivyopatikana. Marekani ilikataa meli zake zipekuliwe na Waingereza kwa miaka mingi, na ilikubali mwaka 1862 tu, ikiwa imo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ufaransa nayo ilikataa, na kukataa kwake kuliheshimiwa. Ureno na Brazili hazikuheshimiwa hivyo: Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 1839 dhidi ya meli za Ureno, na mwaka 1845 dhidi ya meli za Brazili, likawapa maafisa wake idhini ya kuzikamata bila ridhaa ya wenyewe. Kanuni ilikuwa moja, lakini ilipimwa kwa idadi ya mizinga.

Mikataba ya mwambao wetu

Katika mwambao wetu kazi hiyo ilianza mwaka 1822, Sayyid Said alipotia sahihi mkataba ulioletwa na Kapteni Moresby. Mkataba huo ulipiga marufuku kuwauzia Wakristo watumwa, na uliziruhusu manowari za Kiingereza kuvikamata vyombo vya raia wa Sayyid vyenye watumwa vikikutwa nje ya mstari uliotoka Rasi Delgado hadi pwani ya Bara Hindi. Mwaka 1845 ulifuata mkataba wa Hamerton, ulioanza kutumika mwaka 1847. Huo ulikataza watumwa kupelekwa nje ya milki ya Sayyid ya Afrika, ila uliacha njia wazi kati ya Kilwa na Lamu. Hatimaye, tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash, akiwa ametishiwa kwamba kisiwa chake kitazingirwa na manowari, alitia sahihi mkataba uliofunga biashara yote ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yake.

Tusiwe na kigugumizi katika jambo hili. Biashara ya watumwa ilikuwa uhalifu mkubwa, na walioiendesha walikuwa wanyonyaji. Watu kutoka pande za Ziwa Nyasa na bara yetu walitembezwa kwa miguu hadi Kilwa, wakapakiwa kama magunia. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalistawi kwa jasho lao. Hatuna sababu ya kumlilia Sultani wala matajiri wake kwa kupoteza faida ile. Uchambuzi wa kimapinduzi haugeuzi mnyonyaji mmoja kuwa shujaa kwa sababu tu amepambana na mnyonyaji mwingine.

Lakini swali letu la kwanza linabaki: nani alitoa mamlaka? Waliokuwa wakiuzwa hawakuulizwa. Mabaharia na wavuvi wa mwambao hawakuulizwa. Mamlaka ya kupekua kila jahazi la watu wetu yalitoka kwenye sahihi ya mtawala mmoja aliyekuwa chini ya vitisho, na yakaenda kwa dola ya kigeni. Katika miaka 51, kati ya 1822 na 1873, bahari ya watu wa Afrika Mashariki ilipata askari asiyewajibika kwao.

Tuzo na moto

Swali la pili, la faida ya nani, linajibiwa na utaratibu wa malipo. Sheria za Uingereza ziliwapa maafisa na mabaharia wa manowari tuzo ya fedha: paundi 5 kwa kila mtumwa aliyekombolewa, na kama chombo hakikuwa na watumwa lakini kilihukumiwa kuwa cha biashara hiyo, malipo yalifanywa kwa kuhesabu tani zake. Maana yake ni kwamba afisa aliyekuwa akiamua kama jahazi lina hatia ndiye aliyelipwa likipatikana na hatia. Mpelelezi, askari na mdai walikuwa mtu mmoja.

Dalili za hatia zilichukuliwa kutoka katika mikataba ya Bahari ya Atlantiki: mapipa ya maji kuliko mahitaji ya mabaharia, chungu kikubwa cha kupikia, mbao za ziada za kuwekea sitaha ya pili, mikeka na mchele mwingi. Lakini jahazi la Bahari ya Hindi linalosafiri na msimu, likibeba abiria na mahujaji, lina mapipa mengi, lina chungu kikubwa, lina mbao na mikeka. Aidha, baadhi ya mabaharia wa majahazi hayo walikuwa watumwa wenyewe, wakifanya kazi kwa ujira uliogawanywa na mabwana zao. Afisa asiyejua Kiarabu wala Kiswahili alimtegemea mkalimani wake, akaona kila mtu mweusi ndani ya chombo kuwa ni shehena.

Katika miaka ya 1860 vyombo vingi vilichomwa moto huko huko baharini, kwa maelezo kwamba havikufaa kuvutwa hadi bandarini. Kilichofika mbele ya hakimu kilikuwa vipimo vya tani vilivyoandikwa na wale wale watakaolipwa kwa tani hizo. Malalamiko ya wafanyabiashara halali yalizidi hata makonseli wa Uingereza wenyewe waliokuwa Unguja wakaandika kuyaeleza, na serikali yao ikalazimika kutoa maagizo ya kuwazuia maafisa wake. Nahodha ambaye jahazi lake lilikuwa majivu alikuwa na nafasi ndogo mno ya kudai chochote. Hilo ndilo jibu la swali la tatu: aliyekosewa ndiye aliyelipa.

Na waliokombolewa? Wengi hawakurudishwa makwao. Walishushwa Aden, Bombay, Morisi na Shelisheli. Huko Shelisheli waliandikishwa mikataba ya kazi kwa wenye mashamba waliokuwa wakihitaji vibarua. Pingu iliondolewa, mkataba ukaletwa. Hatusemi kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Mtu aliyetolewa katika tumbo la jahazi alijua tofauti. Tunasema kwamba ubepari wa viwanda ulipoupinga utumwa haukupinga unyonyaji wa kazi ya mtu mweusi.

Bendera kama kinga

Penye mpekuzi, hutokea njia ya kumkwepa. Kwa kuwa Ufaransa ilikataa vyombo vyake vipekuliwe, bendera ya Kifaransa ilikuwa mali yenye thamani. Manahodha wa Sur, katika pwani ya Oman, pamoja na wengine wa Komoro na visiwa vya Bukini, walijipatia hati na bendera za Ufaransa. Jahazi lilikuwa la Sur, mwenyewe wa Sur, mabaharia wa Sur. Kitambaa tu juu ya mlingoti ndicho kilichotoka Paris. Wapo waliokuwa wafanyabiashara halali waliochoka kuonewa. Wapo pia waliobeba watumwa chini ya bendera ya taifa lililotangaza usawa wa binadamu.

Tarehe 3 Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Brownrigg wa manowari London iliyokuwa imewekwa Unguja, akiwa ndani ya mashua ndogo ya mvuke, alisogelea jahazi lililopeperusha bendera ya Kifaransa. Alikusudia kuangalia hati tu, kwa kuwa hakuwa na haki ya kupekua. Ndani mlikuwa na watumwa. Watu wa jahazi waliishambulia mashua, na Brownrigg akauawa pamoja na baadhi ya mabaharia wake. Tukio hilo linaonyesha mpaka mwembamba uliopo kati ya kuangalia hati na kupekua: wa kwanza ni kuuliza, wa pili ni kuingia.

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulijaribu kuweka utaratibu kwa vyombo vidogo visivyofikia tani 500 katika eneo la Bahari ya Hindi. Ufaransa iliporidhia mwaka 1892 iliviacha nje vifungu vya upekuzi. Mgogoro wa bendera za Sur ulipelekwa katika Mahakama ya Usuluhishi ya The Hague, ambayo ilitoa uamuzi wake tarehe 8 Agosti 1905. Iliamuliwa kwamba kila dola ina haki ya kuamua nani apewe bendera yake, lakini kwamba tangu tarehe 2 Januari 1892, siku Mkataba wa Brussels ulipoanza kuifunga Ufaransa, nchi hiyo haikuwa tena na haki ya kuwapa raia wa Sultani wa Maskati bendera mpya, ila wale waliokuwa chini ya himaya yake kabla ya mwaka 1863. Hivyo Uingereza na Ufaransa zilisuluhishwa juu ya vyombo vya Waarabu wa Oman, na wenye vyombo hawakuwa upande katika kesi.

Kutoka watumwa hadi bunduki

Kama kuna anayedhani kwamba mamlaka haya yalibaki katika kuwakomboa watumwa, aangalie mwaka 1888. Wananchi wa mwambao, wakiongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Saadani, walisimama dhidi ya Kampuni ya Wajerumani. Mwezi Desemba mwaka huo Ujerumani na Uingereza zilitangaza kuuzingira mwambao kwa manowari. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kuzuia watumwa kutoka na silaha kuingia. Katika tangazo moja, mtumwa na bunduki ya mpiganaji viliwekwa pamoja, na jahazi likapekuliwa kwa vyote viwili.

Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Mkataba wa Brussels wa mwaka uliofuata, katika karatasi zile zile za kukomesha utumwa, ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa masharti yaliyosimamiwa na wakoloni wenyewe. Hapa ndipo swali la pili linapodai uangalifu mkubwa. Orodha ya vitu vinavyotafutwa ndani ya chombo huweza kurefushwa kimya kimya. Leo inaandikwa uovu ambao kila mtu anaupinga. Kesho kunaongezwa chini yake kitu anachokiogopa mwenye manowari.

Mafuta ya Beira

Tuvuke sasa hadi zama za uhuru. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliitaka Uingereza iuzime uasi huo, na ilipokataa kutumia nguvu, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi nayo mwezi Desemba mwaka huo. Uingereza ilichagua vikwazo, na kikwazo kikubwa kilikuwa cha mafuta. Mafuta ya Rhodesia yalipitia bandari ya Beira, katika Msumbiji ya Wareno, na kutoka hapo kwa bomba hadi kiwanda cha kusafishia karibu na Umtali.

Manowari za Kiingereza zilipelekwa Beira. Mwanzoni mwa Aprili 1966 zilikutana na meli ya mafuta Joanna V. Nahodha wake aliambiwa asiingie bandarini, akaingia. Manowari haikuwa na mamlaka ya kumzuia kwa nguvu, kwa sababu kanuni ya mwaka 1817 ilikuwa bado hai. Tarehe 9 Aprili Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 221, likaipa Uingereza idhini ya kutumia nguvu kuzuia meli zenye mafuta ya Rhodesia zisifike Beira. Siku iliyofuata meli ya pili, Manuela, ilipandwa na askari ikageuzwa njia.

Kwa upande wa swali la kwanza, azimio hilo lilikuwa hatua mpya katika historia. Kwa mara ya kwanza mamlaka ya kupanda meli ya kigeni katika bahari kuu wakati wa amani yalitoka katika chombo cha mataifa yote. Lakini swali la pili liliumbua mambo. Azimio lilitaja Beira tu. Nchi za Afrika zilizokuwa katika Baraza zilitaka hatua kali zaidi, hazikukubaliwa. Mali ilikuwa miongoni mwa nchi 5 zilizojizuia kupiga kura. Kusini ya Beira, bandari ya Lourenço Marques ilibaki wazi, na mafuta yakapita huko na kupitia Afrika Kusini ya makaburu. Manowari ziliendelea kuzunguka mbele ya mlango mmoja hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, huku mlango wa pili ukiwa haulindwi. Ripoti ya uchunguzi wa Bingham, iliyotolewa Uingereza mwaka 1978, ilithibitisha kwamba makampuni ya Shell na BP, ambamo serikali ya Uingereza yenyewe ilikuwa na hisa katika BP, yalihusika katika kuwafikishia waasi mafuta, na kwamba wakubwa wa serikali walipata kuambiwa.

Jeshi la majini lililowahi kuchoma jahazi la mkulima wa Pemba kwa sababu ya chungu kikubwa halikuweza kuyaona mafuta ya makampuni ya nchi yake. Lililokosekana ni nia, kwa sababu nia hutawaliwa na maslahi ya tabaka linaloshika dola. Kilichoufunga mpaka wa Rhodesia upande wa mashariki ni uamuzi wa FRELIMO wa mwezi Machi 1976, ambao wananchi wa Msumbiji waliugharamia kwa dhiki kubwa.

Sheria mpya ya bahari

Nchi zetu zilipopata uhuru zilikuta sheria ya bahari imeandikwa na wenye manowari. Hazikukaa kimya. Mwaka 1972 Kenya, kwa kalamu ya Frank Njenga, ilipeleka pendekezo la ukanda wa kiuchumi wa maili 200 za baharini. Tanzania ilitangaza bahari ya taifa ya maili 12 mwaka 1967, ikaipanua hadi maili 50 mwaka 1973. Mazungumzo marefu ya Umoja wa Mataifa yalizaa Mkataba wa Sheria ya Bahari, uliotiwa sahihi Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982. Tanzania iliuridhia mwaka 1985, na kwa sheria ya mwaka 1989 ikaweka mipaka yake kuwa maili 12 za bahari ya taifa na maili 200 za ukanda wa kiuchumi. Ndugu Joseph Warioba, aliyeshiriki katika ujumbe wetu, alikuwa mmoja wa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliyoundwa mwaka 1996.

Kila kada anapaswa kuijua ramani ya mamlaka chini ya mkataba huu. Ndani ya bahari ya taifa dola ina mamlaka kamili, ila chombo cha kigeni kina haki ya kupita kwa amani. Hadi maili 24 dola yaweza kudhibiti mambo ya forodha, kodi, uhamiaji na afya. Hadi maili 200 maafisa wetu wanaweza kupanda, kukagua na kukamata chombo kinachovunja sheria zetu za uvuvi, lakini chombo na mabaharia waachiwe upesi wakiweka dhamana ya haki. Katika bahari kuu kanuni ya mwaka 1817 inaendelea: manowari haipandi meli ya kigeni bila sababu ya msingi ya kushuku uharamia, biashara ya watumwa, utangazaji haramu wa redio, au kwamba meli haina utaifa ama inauficha. Na hapa ndipo waathirika wa zamani walipojibiwa: kifungu cha 110 kinasema kwamba shaka ikionekana haina msingi, na meli haikufanya la kuichochea, hasara yake ilipwe. Jahazi lililochomwa moto mwaka 1868 lilichelewa kupata kifungu hicho kwa zaidi ya miaka 100.

Usalama baada ya mwaka 2001

Baada ya mashambulio ya Septemba 2001 nchini Marekani, mataifa yalipitisha Desemba 2002 kanuni za usalama wa meli na bandari, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Chini ya kanuni hizo afisa aliyeidhinishwa wa bandari hukagua kwanza kama meli ina cheti halali cha usalama. Akiwa na sababu za wazi za kushuku, anaweza kuipekua, kuichelewesha, kuizuia, au kuifukuza bandarini. Kanuni hizo zinatamka pia kwamba meli iliyocheleweshwa pasipo haki inastahili fidia. Huo ni utaratibu mzuri, na unafanya kazi pale ambapo bandari ni ya nchi na afisa ni wa nchi.

Katika bahari kuu hali ni tofauti. Desemba 2002 manowari ya Hispania iliipanda meli So San katika Bahari ya Arabuni, ikakuta makombora ya Korea ya Kaskazini yanakwenda Yemeni. Baada ya siku chache meli iliachiwa iende na makombora yake, kwa kuwa sheria iliyoruhusu kuipanda haikuruhusu kuyachukua. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini katika jahazi lililokuwa mashariki ya Mombasa. Katika operesheni za namna hii dawa hutupwa baharini, na mara nyingi mabaharia huachiwa waende zao. Sumu iliyokusudiwa vijana wa mwambao wetu inapungua, na hilo ni jema. Lakini mfadhili aliyelipia shehena hafikishwi mahakamani, na mlinzi wa mlango wetu anabaki kuwa mgeni.

Kujikosoa

Chama kinachoogopa kujikosoa hakiwezi kufundisha historia. Tumesema mengi juu ya bendera za Sur. Na sisi je? Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli za mafuta za Irani zilikuwa zimeandikishwa chini ya bendera ya Tanzania kupitia sajili ya Zanzibar kwa wakala wa nje ya nchi. Meli 36 zikafutwa. Januari 2018 serikali ilitangaza kufuta usajili wa meli mbili zilizokamatwa ng'ambo, moja kwa dawa za kulevya na nyingine kwa shehena ya vilipuzi, na Rais akaagiza usajili wa meli za kigeni usimamishwe na meli zaidi ya 400 zichunguzwe. Bendera tuliyoipata kwa mapambano ilikuwa imegeuzwa kitambaa cha kukodishwa. Anayetoa bendera bila kukagua chombo amewanyang'anya maafisa wa dunia nzima mtu wa kumwuliza.

Mfano wa pili ni meli ya uvuvi Tawariq 1. Machi 2009, katika doria ya pamoja iliyotumia meli ya Afrika Kusini, maafisa wetu waliikamata ikivua katika ukanda wetu bila kibali, ikiwa na karibu tani 300 za samaki. Nchi nzima ilishangilia, na ilikuwa haki. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani washtakiwa wawili. Lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo wote kwa kasoro za utaratibu katika kufunguliwa kwa mashtaka, na washtakiwa wakaachiwa. Kazi ya hatari iliyofanywa baharini ilipotea mezani. Wapo waliolaumu mahakama. Sisi tunasema lawama ianzie kwetu: utaratibu ndio unaotenganisha ukamataji wa dola na ukamataji wa mwenye nguvu, na tuliuchukulia kama karatasi tu.

Wajibu wetu

Kutokana na historia hii tunatoa mambo manne. Kwanza, ulinzi wa bahari usiachiwe wageni. Doria yetu na majirani zetu ndiyo itakayoamua kinachotafutwa. Pili, afisa asilipwe kwa kukamata. Tuzo ya kila tani ilizaa moto wa miaka ya 1860, na rushwa gatini ni tuzo ile ile iliyogeuzwa uso: moja humlipa afisa ili aone hatia pasipokuwapo, nyingine ili asiione ilipo. Tatu, afisa aijue sheria yake na aandike kila alichofanya, saa ngapi na kwa sababu gani. Nne, anayepekuliwa bila haki awe na mahali pa kwenda kudai, hata kama chombo chake ni mashua ya dagaa.

Hili la mwisho ndilo kipimo. Ni rahisi kumheshimu nahodha wa meli kubwa mwenye wakala na wakili. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza kiongozi kuwa na kibri, dharau na uonevu, na afisa mwenye amri ya kupanda chombo ni kiongozi juu ya sitaha ile. Basi atakapopanda kesho katika jahazi lililotoka Mafia na nazi zake, aanze kwa kutoa salamu. Kisha ajitambulishe, aonyeshe kitambulisho chake, aseme anatafuta nini, na akishuka aache maandishi yenye jina lake. Nahodha akimwuliza amepewa mamlaka na nani, swali hilo lisihesabiwe kuwa ukaidi. Wazee wake walilikosea mtu wa kumwuliza kwa miaka mingi; huyu wa sasa ana haki ya kupata jibu.